Jaribio la Thelathini na Moja Sijalipima Miaka Sita

Mama Ajwang wa gazeti,

Shikamoo kama umenizidi umri, jambo ambalo silitegemei, na kama hujanizidi basi marahaba, nimeshaipokea. Naandika mwenyewe kwa mkono wangu, sijamtuma mtu, ingawa shule niliishia darasa la nne na kalamu naishika kama nimeshika nyundo. Mke wangu huusoma ukurasa wako kila Ijumaa kwa sauti wakati mimi najifanya nimesinzia kwenye kiti, na nimeona wengi unaowasaidia ni watu wa matatizo madogo madogo, mume kachelewa kurudi, wifi kachukua sufuria hakuirudisha, sasa mimi nakuletea tatizo la mtu mkubwa. Naitwa Mayala Shimba, wa Nyakato, andika lote, sina cha kuficha.

Nianze na kazi yangu ili ujue unaongea na nani. Mimi ndiye mzee wa mizani katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Nyakato, jina la kiwanda tuliache, lakini ukifika getini ukauliza mzee wa mizani hata mbwa wa mlinzi atakuonyesha. Sangara akishakatwa minofu anapangwa kwenye kreti, kreti inapanda kwenye mizani, mizani inaongea na kompyuta, kompyuta inatoa uzito wa kreti inabakiza uzito wa samaki, halafu printa inatoa lebo, na lebo hiyo ndiyo inayosafiri na samaki mpaka kwa Wazungu huko. Mizani ikikosea lebo inakosea, na lebo ikikosea mzigo mzima unarudi. Miaka kumi na moja tangu mizani hizi za kompyuta zije, hakuna mzigo uliorudi kwa ajili ya uzito. Hata mmoja. Waulize.

Siri yake ni hii. Wale vijana wa mjini wanaotengeneza programu ya mizani hawatulii, kila mwezi wanabadilisha kitu, mara mnunuzi mpya anataka lebo ya namna nyingine, mara umeongezwa mwalo mpya samaki wanakotoka, na kila wakibadilisha wanasema mzee tumegusa kitu kidogo tu. Mwaka ule wa kwanza walikuza maandishi ya lebo, maandishi tu, na asubuhi yake mizani ikaacha kutoa uzito wa kreti, ikawa inapima plastiki inaiita samaki. Nikawapigia simu. Kijana akaniambia, “Mzee wangu, sisi tumegusa lebo, mizani hatujaigusa kabisa.” Nikamwambia, “Ninyi hamjaigusa, imeguswa na hicho mlichokigusa.” Walipofungua programu yao wakakuta ni kweli, hawakunishukuru, lakini wakawa wananiita mzee kwa heshima siyo kama zamani. Tangu siku hiyo nikasema wakibadilisha hata nukta mimi napima kila kitu upya, hata vile vilivyokuwa vizima jana.

Ndipo nikaanzisha majaribio yangu. Mjukuu wangu Precious, mtoto wa mwanangu Elias, wakati huo alikuwa kidato cha pili amekuja kwetu likizo, basi mimi nikawa nataja yeye anaandika kwenye kaunta buku kwa ule mwandiko wake ulionyooka. La kwanza, kreti tupu, isome sifuri. La pili, kreti yenye maji. La tisa, jina la mtumbwi lenye ng' ndani yake, maana kile kialama cha juu kiliwahi kuifanya printa igome asubuhi nzima, na huku kwetu bila ng' utaandika majina ya nani? Tukafika arobaini na mbili, na kila moja lina siku yake iliyonikera. Tulipomaliza akaniuliza, “Babu, haya yote utayapima kila wakibadilisha? Hata yasiyohusika?” Nikamwambia, “Mimi Mayala siruki jaribio.” Akacheka, akaliandika hilo juu ya ukurasa wa kwanza, Babu haruki jaribio. Lipo mpaka leo.

Sasa yule mtoto yuko chuo kikuu Dar es Salaam, anasoma shahada ya pili ya mambo ya kompyuta, na unajua anasoma nini? Anasoma kazi yangu. Alikuja mwezi wa sita tukakaa uani, bibi yake anachambua dagaa, akasema, “Babu, hiki unachokifanya kuna watu duniani wanakitafiti. Wanatafuta programu ikibadilishwa, katika majaribio yote, ni yapi machache ya kurudia ambayo yanatosha.”

Nikamuuliza, “Hao watu wamewahi kushika kreti?”

“Ndiyo tatizo lenyewe, Babu. Wameandika sana, makala hazihesabiki, lakini wengi wanajaribia kwenye programu ndogo za mezani kwao. Wenye viwanda wakisoma wanasema haya hayatuhusu.”

“Wana akili wenye viwanda.”

“Sasa mwalimu wangu kaniambia niende mahali watu wanafanya kazi kweli, niulize wanahitaji nini, nipate kumbukumbu za kweli siyo za kutunga.” Akaniangalia. “Nikamwambia, mwalimu, mimi profesa wangu yuko Nyakato. Ana miaka kumi na moja ya majaribio kwenye madaftari tisa.”

Mama Ajwang, mimi ni mtu mgumu, baba yangu nilimzika macho makavu, lakini pale ilibidi niende nyuma ya nyumba kuangalia kuku. Niliporudi nikamwambia piga picha zote. Akapiga kwa simu kurasa zote siku mbili mfululizo, bibi yake akimletea chai. Na mkuu wa ubora wa kiwandani, kijana anaitwa Obedi, naye akamwahidi kwamba akipata orodha fupi inayotosha, kiwanda kitaanza kuitumia mara moja, kwa sababu mimi nikiwa likizo wenzangu wanatumia saa tatu kumaliza arobaini na mbili, magari ya samaki yanapanga foleni getini, barafu inageuka maji. Nikiwepo mimi ni saa moja na robo.

Hilo Precious aliniuliza. “Babu, wewe saa moja na robo unaiwezaje?”

“Mikono.”

“Mikono tu?”

“Na uzoefu.”

Sasa Mama Ajwang sogea karibu, maana hapa napunguza sauti.

Siyapimi yote. Nimelisema. Miaka sita iliyopita nilikuwa nampandishia shemeji yangu mfuko wa saruji kule Kirumba, nyumba yake iko juu ya miamba, vijana walikuwepo lakini nikawaambia wakae pembeni waone mwanamume anavyobeba, na katikati ya mwinuko nikasikia kitu kiunoni kimeachia. Saruji niliifikisha. Lakini tangu siku ile kitu chochote cha kuinama na kunyanyua nakiona kama adui. Katika yale majaribio arobaini na mbili, saba yanataka mawe mazito ya mizani, na baya kuliko yote ni la thelathini na moja, unapandisha mawe matatu ya kilo ishirini ishirini kwenye mizani kubwa, unazima umeme kwenye swichi, unahesabu hadi thelathini, unawasha, unaangalia kama namba imerudi ile ile. Kazini nilikwenda nimesimama wima kama mlingoti, nikafika kwenye la thelathini na moja, nikayatazama yale mawe, yakanitazama, nikaweka alama ya vema nikapita. Nikasema nitalipima kesho. Kesho nikasema kesho. Wapo vijana pale wenye misuli, wangenyanyua huku wanapiga mluzi, lakini mimi ndiye niliyewaambia miaka yote kwamba jiwe la ishirini nalishika kama mkate, sasa nitamwambia nani aje aninyanyulie?

Na siyo hayo saba tu. Kuna mengine kama kumi na saba nayaruka kwa akili, na haya sioni aibu kukwambia. Wakigusa lebo mimi napima kreti, napima ng', napima tarehe, lakini ile saa ya mashine siihangaikii, maana miaka yote lebo haijawahi kuisumbua saa. Wakigusa orodha ya mialo nakimbilia printa kwanza. Ugonjwa wa ile programu najua ukitoka hapa unahamia wapi, hata hao vijana walioitengeneza hawajui. Lakini na hayo niliyoyaruka naweka vema vile vile, maana ukurasa wenye mapengo unaonekana kama kazi ya mlevi.

Sasa Precious ameingiza vema zangu zote kwenye kompyuta yake. Mwezi uliopita akapiga simu. “Babu, la thelathini na moja lina ajabu. Madaftari manne ya mwanzo lilikuwa linashindwa mara kwa mara, kuanzia la tano likapona ghafla, halijashindwa tena mpaka leo. Hesabu zangu zinasema halina kazi, tuliondoe kwenye orodha. Wewe unasemaje?”

Nikasema, “Kama hesabu zimesema.”

“Una uhakika, Babu?”

“Unamuuliza nani? Mimi Mayala?”

Wiki iliyopita akapiga tena, akanisomea ukurasa wa mbele wa andiko lake. Kwa Babu yangu Mayala Shimba, ambaye hakuwahi kuruka jaribio hata moja. Halafu akanyamaza, nikawa nasikia anapumua tu. Akasema, “Ni sawa, Babu?” Nikasema, “Sawa sana, ila herufi ziwe kubwa.” Nikakata simu, nikamrudishia mke wangu sahani ya chakula.

Jumamosi hii anakuja na barua ya kusaini mimi na Obedi, kwamba kumbukumbu hizi ni za kweli. Juma linalofuata anakabidhi andiko chuoni. Mke wangu anasema, “Mwambie mtoto.” Nikamwambia, “Wewe hujui mambo ya kompyuta.” Akasema, “Kompyuta sijui, kiuno chako nakijua. Nimekikanda miaka sita.” Nimefikiria kusema panya wamekula madaftari, halafu nikakumbuka zipo picha. Nimefikiria kusingizia macho nisisaini. Nimefikiria pia kusaini tu yaishe, maana miaka sita yote hilo jaribio halijaleta shida.

Kazi wakiniondoa nitakaa nyumbani, nina miaka sitini na tisa, nimekula chumvi yangu. Ninachoogopa ni sauti ya yule mtoto atakapojua. Tangu ana miaka mitatu alikuwa akianguka hamwiti mama yake, ananiita mimi.

Nishauri. Ila usiniambie nikaombe radhi kwa Obedi, kijana aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nina ndevu, hilo sifanyi. Na lile jina langu nililosema uandike lote, nimebadili mawazo, lifiche.

Mzee wa Mizani,
Nyakato, Mwanza


MAMA AJWANG ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Umenizidi, tena kwa mengi, kwa hiyo pokea, halafu kaa kwenye hicho kiti chako na safari hii usijifanye umesinzia, maana nitakugombeza.

Jina lako nimelibadilisha kama ulivyoomba, na la mjukuu, na la bosi wako. Majivuno yako nimeshindwa kuyabadilisha, barua ingebaki nusu ukurasa. Kwa hiyo ujue kwamba wanaokufahamu watakutambua kabla ya kufika katikati, na gazeti liko mezani leo Ijumaa. Huna muda wa kufikiria panya.

Pole ya kiuno. Mama amekikanda miaka sita, mshukuru kwa hilo, halafu Jumatatu alasiri nenda hospitali kama watu wengine.

Sasa nisikilize. Umenieleza uongo wa aina mbili kana kwamba ni mmoja, na ndiyo maana unakushinda kuubeba. Yale kumi na saba unayoyaruka kwa akili, unajua ni nini yale? Ndiyo kitu chenyewe mjukuu wako alichotoka Dar es Salaam kukitafuta. Amekwambia kwa mdomo wake, pale uani, kwamba wasomi wameandika makala hazihesabiki na wenye viwanda hawazitumii. Hawazitumii kwa sababu hakuna aliyekaa na mtu kama wewe akamuuliza, mzee, wakigusa lebo wewe unaanza kupima wapi, na kwa nini? Jibu umekuwa nalo kichwani miaka yote hiyo, na badala ya kumpa ukalifunika na alama za vema ili ukurasa upendeze. Mtoto amekuja kuchota maji, wewe umekaa juu ya mfuniko wa kisima unamsifia ndoo.

Yale saba ya mawe ni habari nyingine. Pale hapakuwa na akili, palikuwa na kiburi, na nakwambia kwa heshima zote.

Kitu kilichopimwa kikaonekana kizima, na kitu ambacho hakikupimwa, ni vitu viwili, mzee. Kwenye daftari lako vina alama moja. Kompyuta ya Precious haijui kama una kiuno. Imeona vema, vema, vema, miaka sita, ikafanya kile ilichofundishwa, ikasema jaribio hili halina kazi liondolewe. Unasema kwa miaka sita halijaleta shida. Umejuaje? Hujaliangalia. Wewe mwenyewe umeandika kwamba zamani lilikuwa linashindwa mara kwa mara. Umeme wetu wa Mwanza unaujua. Siku utakatika, mizani irudi na namba isiyo yake, na hakuna mtu atakayekuwepo kuiona kwa sababu orodha mpya ya kiwanda imesema hakuna haja, na chini ya orodha hiyo pana jina la msichana ambaye akianguka anakuita wewe.

Wakati nasoma barua yako mara ya pili nilichukua kalamu. Wenzako saa tatu, majaribio arobaini na mbili. Kwa mwendo huo, saa moja na robo inafika kwenye kumi na saba au kumi na nane. Nimeipata hesabu hiyo mimi, ambaye kompyuta natumia kuandika barua za watu wanaogombana. Sasa unadhani yule anayesoma shahada ya pili hajaipata? Alikuuliza unaiwezaje, ukasema mikono. Akakuuliza, mikono tu? Akakuambia la thelathini na moja lina ajabu, limepona ghafla, una uhakika, Babu? Akakusomea ile sentensi ya ukurasa wa mbele kwenye simu, akanyamaza, ukamsikia anapumua. Sina hakika, mzee, siishi moyoni mwake. Lakini mimi nadhani mtoto huyo amekufungulia mlango mara nne, na mara zote nne wewe umesimama kizingitini unajisifu.

Kwa hiyo ile sauti unayoiogopa, huenda umekwisha kuisikia. Ni ile iliyouliza, “Ni sawa, Babu?” Kwangu haikusikika kama sauti ya mtu aliyekasirika.

Fanya hivi. Mpigie leo, kabla mama hajamaliza kukusomea ukurasa huu. Usianze na ile habari ya lebo na vijana wa mjini, anaijua, nadhani hata kuku wenu wanaijua. Sema, “Precious, nimeruka majaribio, na la thelathini na moja sijalipima miaka sita, kwa sababu kiuno kiliniuma na niliona aibu.” Ukishasema hivyo nyamaza. Zamu ya kuongea itakuwa yake, na akitaka kulia mwache alie.

Kesho akishuka, kaeni uani na madaftari, kuanzia la tano. Chukua kalamu mbili. Vema ya uongo uliyoiweka kwa akili, izungushie bluu, na umweleze ulijuaje kwamba hakuna haja, moja moja, yeye aandike kama alivyoandika akiwa kidato cha pili. Vema ya kiuno, izungushie nyekundu. Usiyoikumbuka, weka alama ya kuuliza na usijikaze kukumbuka ili uonekane hodari. Hakuna kufuta. Na ile barua yake usiisaini mpaka iseme ukweli huo wote. Kama andiko litachelewa chuoni, lichelewe. Alitaka kumbukumbu za kweli siyo za kutunga, na mtu mwenye kumbukumbu za kweli na maelezo ya kwa nini nyingine ni za uongo atawafaa hao wenye viwanda kuliko mwenye kurasa safi.

Jumatatu asubuhi nenda kwa Obedi. Umesema huombi radhi. Sawa, sikulazimishi. Mwambie tu kwamba kuna majaribio saba hayajapimwa miaka sita na kwamba unataka yapimwe siku hiyo hiyo kabla kreti ya kwanza haijapanda. Ukimaliza kusema hayo utaona radhi imekwisha kutoka yenyewe. Anaweza kukuondoa kazini, sitakudanganya, ana haki hiyo. Lakini akiwa na akili atamweka kijana wa kunyanyua na atakubakiza wewe wa kujua ugonjwa unahamia wapi, maana wanyanyuaji wamejaa Nyakato nzima, na wa aina yako wewe sidhani kama watampata mwingine mwaka huu. Haya, nimekusifu, inatosha.

Likipimwa la thelathini na moja, mawe usiyaguse. Wewe simama kwenye swichi. Zima, hesabu hadi thelathini kwa sauti, washa, halafu taja namba unayoiona, hata kama ni mbaya, na mwombe Precious aiandike.

Na ile sentensi ya ukurasa wa mbele, mwachie aiandike upya mwenyewe. Usimtajie maneno. Najua ulimi utakuwasha. Na habari ya herufi kubwa usiilete kabisa.

Wako,
Mama Ajwang